Kupima Oili ya Gia Otomatiki: Kwa Nini Kijiti Kimoja Husema Mambo Mawili

Wenye magari wengi wamefundishwa kanuni moja tangu siku walipoanza kushika usukani: oili hupimwa asubuhi, gari likiwa limelala usiku kucha na injini ikiwa baridi. Kwa oili ya injini kanuni hiyo ni njema, kwa kuwa usiku oili yote hushuka chini kwenye sampu, na kijiti huonyesha kiasi chote kilichomo. Tatizo huanza pale kanuni hiyo inapohamishwa, bila kufikiriwa, kutoka kwenye injini na kupelekwa kwenye sanduku la gia otomatiki. Huko haifai. Mtu aweza kuifuata kwa uaminifu kila wiki, akaridhika na kijiti kilicholowa hadi juu, na huku gia zake zinaungua kwa kukosa oili.

Katika miaka ya 1970 suala hili liliwahusu watu wachache katika Afrika ya Mashariki. Land Rover na Peugeot 404 za wakati ule zilikuwa na gia za kubadili kwa mkono, na oili yake ilipimwa kwa kufungua kizibo cha ubavuni na kuingiza kidole. Leo magari mengi yaliyotumika huletwa kwetu kutoka Japani, na mengi miongoni mwake ni ya gia otomatiki. Kwa hiyo kuna sababu ya kutosha ya kulieleza jambo hili kwa ukamilifu, na kwa walimu wa fizikia kuna faida ya ziada: ni vigumu kupata mfano mwingine, ulio karibu na maisha ya mwanafunzi, unaokusanya mahali pamoja kutanuka kwa vimiminika, kanuni ya Boyle, msuguano na usawa wa uso wa kimiminika.

Kazi ya oili hiyo

Katika gari la gia za mkono, oili ya gia ina kazi ya kulainisha meno ya chuma ili yasilane. Katika gia otomatiki, oili (ambayo mafundi wetu wengi huiita haidroliki) ina kazi nne, na kulainisha ni ndogo kuliko zote.

Kwanza, ndiyo inayobeba nguvu kutoka kwenye injini. Chukua mapangaboi mawili, uyaweke yakikabiliana, kisha uwashe moja tu. Upepo wa lile lililowashwa utayasukuma mapanga ya lile la pili nalo litaanza kuzunguka, ijapokuwa hakuna kitu kigumu kinachoyaunganisha. Sasa badala ya hewa weka oili, na mapangaboi yote mawili uyafunge ndani ya chombo kimoja cha chuma chenye umbo la andazi. Hiyo ndiyo konveta, iliyo kati ya injini na gia. Mhandisi Mjerumani Hermann Föttinger alipewa hataza ya wazo hili mwaka 1905, na shabaha yake haikuwa magari bali meli. Gari la kwanza kuuzwa kwa wingi likiwa na gia otomatiki kamili, pamoja na kiungo cha oili cha namna hii, lilikuwa Oldsmobile ya Marekani yenye gia za Hydra-Matic, zilizotangazwa mwaka 1939.

Pili, oili husukumwa na pampu kupitia vijia vingi vyembamba vyenye valvu, na kanieneo yake ndiyo inayobana klachi moja na kuachia nyingine ili gia ibadilike. Mkono wa dereva haupo tena. Oili ndiyo mkono. Tatu, huondoa joto, kwa maana hupelekwa kwenye kipoozeo, ambacho katika magari mengi kimo ndani ya rejeta, kisha hurudishwa. Ya nne ndiyo hiyo ya kulainisha.

Ikiwa oili ndiyo mkono unaobana klachi, basi ubora wa kazi yote unategemea jambo moja: oili isibonyee. Kwa bahati njema vimiminika havibonyei kwa urahisi. Oili ikiwekwa chini ya kanieneo ya angahewa 10, ujazo wake hupungua kwa chini ya sehemu moja ya elfu. Hewa ni kinyume kabisa. Kwa mujibu wa kanuni ya Boyle, kiputo cha hewa kikitolewa kwenye kanieneo ya angahewa 1 na kutiwa kwenye angahewa 10, bila joto kubadilika, ujazo wake hubaki sehemu moja ya kumi. Oili iliyochanganyika na viputo ni mkono usio na mfupa. Pampu husukuma, viputo vinabonyea, na klachi hazibanwi sawasawa. Klachi isiyobanwa huteleza, kuteleza huzaa joto, na joto huunguza oili pamoja na vibao vya klachi.

Oili pungufu na oili ya kuzidi

Hapa kuna jambo linalowashangaza wengi. Oili ikipungua, pampu hufyonza hewa pamoja na oili, na povu hutokea. Oili ikizidi, uso wake hupanda hadi kufikia sehemu zinazozunguka kwa kasi, nazo huichapa kama mpishi anavyochapa mayai, na povu hutokea vilevile. Magonjwa mawili yaliyo kinyume yana dalili moja: gia huchelewa kuingia, injini hulia bila gari kushika mwendo, na gari hustuka gia inapobadilika. Oili iliyozidi yaweza pia kutoka kwa tundu la kupumulia lililo juu ya sanduku la gia, na fundi asiyechunguza akidhani ni uvujaji akaongeza oili zaidi. Ndiyo maana usemi wa kwamba oili ikizidi haina madhara hauna nafasi katika gia otomatiki.

Joto

Oili hutanuka inapopata joto. Kwa oili za aina hii, ujazo huongezeka kwa takriban sehemu 0.0007 kwa kila nyuzi 1 ya Sentigredi. Tuseme gari lina lita 6.5 za oili ya gia, na kwamba asubuhi oili hiyo ina nyuzi 25. Gari likiisha kutembea kwa muda wa kutosha, oili hufika nyuzi 80. Ongezeko la ujazo ni:

6.5 × 0.0007 × 55 = lita 0.25

Robo lita. Tofauti kati ya alama ya chini na ya juu katika vijiti vingi ni nusu lita hivi au pungufu. Maana yake ni kwamba joto peke yake laweza kuuhamisha uso wa oili kwa nusu ya nafasi nzima ya kipimo. Watengenezaji walilijua hilo tangu mwanzo, na ndiyo sababu vijiti vya magari mengi ya Toyota vina sehemu mbili zenye maneno ya Kiingereza COOL na HOT, yaani poa na moto. Sehemu ya moto ndiyo kipimo chenyewe, nayo imekusudiwa oili yenye nyuzi 70 hadi 80 hivi. Sehemu ya poa ni ya makadirio tu, kwa mfano fundi anapojaza oili mpya na kutaka kujua kama yatosha kuwasha gari na kulipasha moto.

Kuwaka injini peke yake gari likiwa limesimama hakutoshi kuleta joto hilo kwa haraka. Gari liendeshwe kwa kilomita 15 au 20 hivi. Lakini pia lisipimwe likiwa limezidi joto. Gari lililotoka tu kupanda mlima Kitonga, kule Iringa, likiwa limejaa abiria na mizigo, litakuwa na oili yenye joto kubwa kuliko kawaida, na kijiti kitadanganya kwa upande wa kuzidisha. Lipumzishwe kama nusu saa, kisha liwashwe na kupimwa.

Injini ikiwa inanguruma

Kosa la joto ni dogo likilinganishwa na lile la kuzima injini. Pampu ya oili huendeshwa na injini. Inapofanya kazi, huchota oili kutoka kwenye sampu na kuijaza kwenye konveta, kwenye vijia vya valvu, kwenye mabomba ya kipoozeo, na kuirudisha tena. Oili iliyobaki katika sampu wakati huo ndiyo akiba ambayo pampu inaitegemea, na ndiyo ambayo kijiti kilichorwa kuipima. Injini ikizimwa, pampu husimama, na sehemu ya oili iliyokuwa juu huteremka polepole kurudi kwenye sampu. Konveta peke yake yaweza kubeba lita 2 au zaidi, na gari likilala usiku mzima sehemu ya oili hiyo hurudi chini.

Sasa mtazame yule mwenye gari anayepima alfajiri. Oili yake ni baridi, kwa hiyo imesinyaa kwa robo lita. Lakini injini imezimwa, na kwa hiyo sampu imepokea oili isiyokuwa yake, labda lita nzima. Kijiti kitaonyesha oili tele. Ikiwa kwa kweli gari lina upungufu wa lita moja kwa sababu ya oili sili iliyochakaa, upungufu huo umefichwa barabara. Na ikiwa gari halina upungufu wowote, ataona oili imepita alama ya juu, naye ataipunguza. Kwa njia moja au nyingine ataishia na gia zenye njaa.

Mahali pa tambarare

Uso wa kimiminika kilichotulia hulala sawa kwa usawa wa ardhi, wala haujali gari limeelekea wapi. Gari likisimama kwenye mteremko, sampu inainama lakini uso wa oili hauinami pamoja nayo. Kama kijiti kinaingia sentimita 10 mbali na katikati ya sampu, na mteremko ni digrii 5 tu, uso wa oili mahali pale utapanda au kushuka kwa 10 × tan 5°, yaani karibu milimita 9. Masafa kati ya alama za kijiti aghalabu hayazidi sentimita moja au mbili. Mteremko wa digrii 5 hauonekani sana kwa macho. Ua nyingi za nyumba zetu, zilizojengwa ili maji ya mvua yatoke, zina mteremko unaotosha kuharibu kipimo.

Namna ya kupima

Gari likiisha kupata joto, lisimamishwe mahali pa tambarare, breki ya mkono ivutwe na jiwe au kigingi kiwekwe kwenye gurudumu. Injini iachwe ikinguruma taratibu. Mtu mmoja akae kwenye usukani, akanyage breki ya mguu, kisha aupitishe mkono wa gia katika kila nafasi polepole, akitulia sekunde chache kila mara, ili vijia vyote vijae oili. Mwishowe airudishe kwenye P. Katika baadhi ya magari ya Marekani ya kampuni ya Chrysler, P haifai kwa sababu konveta haijazwi katika nafasi hiyo, na kitabu cha gari huagiza N.

Hapo ndipo boneti ifunguliwe na kijiti kichomolewe. Feni na mikanda vinazunguka: tai, mtandio, kanga na mikono mirefu ya shati visiwe karibu navyo. Kijiti kifutwe kwa kitambaa kisichotoa nyuzi, maana unyuzi mmoja wa pamba ukiingia kwenye valvu nyembamba waweza kuikwamisha. Kirudishwe hadi mwisho, kichomolewe tena, na kisomwe pande zote mbili. Oili iliyokuwa imelowesha ukuta wa bomba hupaka upande mmoja juu zaidi. Upande unaosoma chini ndio wenye ukweli. Ikihitajika kuongeza, oili humiminwa kwa faneli nyembamba kupitia bomba lilelile la kijiti, robo lita kwa mara moja, na kupimwa upya. Kuongeza ni rahisi. Kutoa kilichozidi ni kazi ya kulala chini ya gari.

Kuna magari yasiyofuata utaratibu huu, na msomaji asishangae. Magari mengi ya Honda yenye kijiti hupimwa oili ikiwa ya moto lakini injini ikiwa imezimwa, ndani ya dakika moja au moja na nusu tangu kuzimwa. Haipingani na tuliyoeleza hapo juu. Mtengenezaji amechora alama zake kwa hali nyingine, basi. Na kipimo chochote kina maana katika hali ile tu ambayo alama zake zilichorewa. Kitabu cha gari ndicho kinachotaja hali hiyo, na mara nyingi maneno machache yamechorwa kwenye kijiti chenyewe.

Magari yasiyo na kijiti

Magari mengi ya miaka ya karibuni hayana kijiti kabisa. Wapo wanaosema kwamba oili ya magari hayo haihitaji kupimwa milele. Kauli hiyo si ya kuaminiwa, kwa kuwa oili sili huchakaa katika kila gari, na oili ya gia haichomwi kama petroli: ikipungua, karibu daima imevuja mahali fulani. Katika magari hayo kipimo ni tundu lenye kizibo chini ya sampu, ambalo ndani yake lina bomba fupi lililosimama. Gari huinuliwa likiwa sawa pande zote, injini ikinguruma, na kizibo hufunguliwa oili inapofika joto lililotajwa, ambalo katika magari mengi ya Toyota ya namna hii ni kati ya nyuzi 35 na 45 hivi. Oili ikichuruzika kidogo kisha ikabaki kudondoka, kiasi ni sawa. Mwanafunzi aliyefuata hesabu ya hapo juu ataona mara moja hatari yake. Kizibo kikifunguliwa oili ikiwa na nyuzi 80, oili iliyotanuka itamwagika nje, na ikisha kupoa itakuwa pungufu, ijapokuwa fundi ameona kwa macho yake kwamba tundu lilikuwa limejaa. Kazi hii haifai kufanywa bila kipimajoto au chombo cha kusoma joto kutoka kwenye kompyuta ya gari.

Rangi, harufu na aina

Kijiti hueleza zaidi ya kiasi. Oili nyingi za gia otomatiki zimetiwa rangi nyekundu ili zitofautishwe na oili ya injini. Ni rangi tu, haina kazi nyingine. Ikigeuka hudhurungi, imeanza kuungana na oksijeni kwa sababu ya joto. Ikiwa nyeusi na kunuka kama kitu kilichoungua, vibao vya klachi vimeteketea, na hakuna kiasi cha oili mpya kitakachovirudisha. Ikiwa na sura ya maziwa yenye rangi ya waridi, maji ya rejeta yameingia kwa kupitia kipoozeo kilichotoboka. Gari la namna hiyo lisiendeshwe hata hadi gereji, kwani maji hulegeza gundi na karatasi za vibao vya klachi.

Aina ya oili nayo si jambo la kuchagua dukani kwa bei. Klachi zinatakiwa zishike, lakini zishike kwa ulaini, na msuguano huo hurekebishwa kwa kemikali zilizomo kwenye oili. Kwa miaka mingi kemikali iliyotegemewa ilitokana na mafuta ya nyangumi wale wenye vichwa vikubwa. Oili ya Dexron, iliyoletwa na General Motors mwaka 1967, ilikuwa nayo. Marekani ilipopiga marufuku bidhaa za nyangumi hao mwanzoni mwa miaka ya 1970, wanakemia walilazimika kutafuta badala yake. Leo aina zimekuwa nyingi, na gia za mkanda, zile zisizo na hatua, zina oili yake peke yake. Oili ya kawaida yaweza kuufanya mkanda uteleze na kukwaruza puli zake.

Jaribio la darasani

Mwalimu aweza kuyaonyesha haya bila gari. Achukue chupa ya maabara ya mililita 500, aijaze oili mpaka shingoni, hata mafuta ya kupikia yatafaa, na aizibe kwa kizibo kilichopitishwa mrija wa kioo ulio wazi juu. Ujazo wa mrija kwa kila sentimita uwe umepimwa kabla. Chupa itiwe ndani ya ndoo ya maji ya vuguvugu, kisha maji ya moto yaongezwe kidogo kidogo; oili isiwekwe juu ya moto kamwe. Joto likipanda kutoka nyuzi 25 hadi 65, mililita 14 hivi za oili zitatafuta nafasi, na ikiwa mrija una eneo la sentimita 1 ya mraba, oili itapanda sentimita 14. Wanafunzi waandike urefu kwa kila nyuzi 5, wachore grafu, na kutoka kwenye mwinamo wake watafute kipimo cha mtanuko cha oili waliyonayo. Kisha wapewe swali hili: gari lenye lita 8 za oili limejazwa na fundi hadi alama ya juu ya moto, injini ikinguruma, lakini oili ikiwa na nyuzi 30. Itakapofika nyuzi 80, oili itakuwa imeizidi alama kwa kiasi gani, na gari litaanza kuonyesha dalili gani?